Mpangaji wa Milimita Saba

Jumanne, 7 Januari

Nina kitu kichwani. Si wazo — hayo sijapata tangu nistaafu jiko la shule. Kitu kabisa! Daktari wetu wa hapa amepiga simu saa tatu asubuhi, nikiwa nakoroga uji. Picha ya wiki iliyopita imeonyesha mshipa mmoja wa damu ubongoni, ukuta wake umelegea na kutuna pembeni kama kiputo cha sabuni. Milimita saba. Kama punje ya njegere, akasema. La maana haujapasuka.

Uji umeungua.

Chanzo cha picha ni dada yangu Marlys. Yeye ndiye aliyesoma mahali kwamba jambo hili hutembea katika familia. Na kwetu limetembea kweli: mama alianguka jikoni mwaka 1979, ana miaka hamsini na minane, kichwa kimemuuma nusu saa tu — basi. Mjomba Orville naye baadaye, vilevile. Marlys akapanga miadi, tukapigwa picha sote wawili siku moja, tukapitia kula pai. Yeye safi. Hana hata doa.

Nimempigia kumwambia. Akasema: “Lakini miadi nilipanga mimi!” Utadhani nimempokonya zawadi.

Mume wangu Verlyn nimemwambia mezani. Akaacha kutafuna. “Haya,” akasema. Halafu akatoka kuondoa theluji njiani kwa mara ya pili leo, na theluji yenyewe haikuwapo.

Ijumaa, 10 Januari

Nimekipa jina: Mpangaji. Kimeingia bila kubisha hodi, hakilipi chochote, na kikiudhika kinaweza kubomoa nyumba.

Nina sitini na moja. Mama nimempita miaka mitatu. Nilidhani nimeshavuka.

Nimeingia gereji mara nne. (Sigara. Verlyn hajui. Kuna kiti huko, sijui kilifikaje.)

Jumatano, 15 Januari

Duluth, mjini penye hospitali kubwa, na kurudi. Baridi ya kugandisha kope. Niandike vizuri maana nimefanya ujinga na nataka kuona ulianzia wapi.

Daktari wa mishipa ya ubongo ni mwanamke, Iacobelli, mtu wa New Jersey. Anazungumza kama anayekimbilia basi. Mzuri lakini! Alituchorea kila kitu. Kwamba kuna njia ya kukiacha kilipo, kukipiga picha kila baada ya muda, kushusha presha na kutovuta sigara. (“Unavuta?” “Ah, si ya kutajwa.” Akaandika: havuti.) Au kufungua fuvu na kubana shingo ya kiputo kwa kibanio kidogo cha titani, damu isiingie tena — hiyo hudumu sana, ila kupona ni wiki kadhaa. Hapo Verlyn, ambaye hajauliza swali tangu tuoane, akauliza: “Fuvu unafungulia msumeno gani?” Wakazungumza misumeno dakika kumi, na mwenye fuvu nimekaa hapo hapo.

Njia nyingine hazifungui kichwa. Anaingiza mrija mwembamba pajani, au kwenye kifundo cha mkono, anaupandisha ndani ya mishipa mpaka juu, anakijaza kiputo nyuzi laini za platinamu mpaka damu iliyomo igande. Wakati mwingine nyuzi husinyaa, inabidi kurudia. Au badala ya nyuzi anaweka kijibomba cha wavu ndani ya mshipa wenyewe, damu ipite moja kwa moja na kiputo kinyauke polepole. Ila hapo ni kumeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi. Hakuna njia isiyo na hatari, akasema. Hata mrija unaweza kuleta kiharusi. Hata kusubiri ni hatari.

“Kwa umbo lake, na kwa habari za mama yako, mimi nisingekiacha,” akasema. “Ningekijaza nyuzi. Nina nafasi Jumanne tarehe 28. Unaitaka?”

Moyo ulinidunda ndiyo! Mdomo ukasema: “Ah, lazima kuna mtu mgonjwa kuliko mimi.”

Kwani nimelelewa wapi? Mtu mwenye adabu akipewa kitu hukataa. Akipewa tena hukataa kwa sauti ndogo zaidi. Akipewa mara ya tatu hupokea, na kunung'unika kwamba ni kikubwa mno. Ndivyo tunavyopeana kahawa, ndivyo Verlyn alivyonichumbia.

Daktari akaniangalia. “Una hakika?”

“Mpeni mwenye shida,” nikasema, kwa sauti ndogo zaidi.

“Haya, nimekuelewa,” akasema. Akabonyeza kitufe. Akasimama! Akatupa mkono!

Karatasi niliyopewa mlangoni imeandikwa: Mgonjwa amechagua kusubiri. Picha nyingine baada ya miezi sita.

Tulikuwa tumekwenda maili arobaini.

“Hakuuliza ya tatu,” nikasema.

“Hakuuliza,” akasema Verlyn.

Maili kumi nyingine.

“Labda kwao New Jersey wanaishia mbili,” akasema.

Alhamisi, 16 Januari

Naogopa. Haya, limeandikwa.

Napiga chafya kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Miezi sita hivi!

Jumapili, 19 Januari

Marlys ameshatangaza kanisa zima. Baada ya ibada, kahawa chini ukumbini, wote wananiinamishia vichwa. “Unaendeleaje, Ardis?” “Si vibaya.” “Si vibaya, eh?” “Ingeweza kuwa mbaya zaidi.” Mazungumzo yote ya ugonjwa wangu yakaishia hapo, watu kumi na mmoja, kila mmoja ameridhika.

Delores Tollefson alileta keki yake ya limau ya kukata vipande. Kikabaki kimoja. Mtu akakata nusu. Mwingine akakata nusu ya nusu. Tulipoosha vyombo, sahanini palikuwa na kijipande hata sisimizi angekionea haya. Hakuna aliyekimaliza. Delores amekifunga kwenye karatasi akaenda nacho nyumbani.

Nilikitazama kijipande kile nikasema moyoni, ndivyo nitakavyokufa.

Jumatatu, 20 Januari

Nimepiga simu kliniki kusema nimebadili mawazo. Leo sikukuu — wamefunga. Nilijua. Ndiyo maana nikapiga leo.

Jumanne, 21 Januari

Nimepiga tena, wamefungua. Binti mwenye sauti tamu.

Nikamwambia sina shida yoyote, nauliza tu, kama kuna nafasi ambayo inawasumbua, ambayo haina mtu, mimi naweza kusaidia kuiondoa. Akauliza: nafasi ya nini, mama? Nikasema: ah, ya kichwa. Akauliza kama naumwa sasa hivi. Nikasema si vibaya. Akauliza kama nataka daktari anipigie. Nikasema asisumbuke.

“Haya, mama, siku njema!”

Na kweli hakusumbuka.

Nimemweleza Marlys. Akafoka mpaka nikaweka simu mezani: “Wewe mtoto una bomu kichwani, halafu unawapunguzia kazi! Mama alikufa akimwomba radhi mtu wa gari la wagonjwa kwa sababu ya sakafu kuwa chafu! Unakumbuka?”

Nakumbuka. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilipiga deki kabla hawajafika kwa sababu mama aliniambia. Sijawahi kumwambia Marlys hilo.

Ijumaa, 24 Januari

Marlys amekuja na mazoezi. Amevaa koti jeupe la marehemu mumewe, lile la kuuza nyama, ati yeye ndiye Daktari Iacobelli. Akakaa upande wa pili wa meza na kahawa yangu mwenyewe.

“Mama Nygaard, unataka kahawa?”

“Ah, usi—”

Akaimwaga kwenye sinki! Kahawa nzima!

“Mama Nygaard, unataka kahawa?”

“Kama umeshapika—”

Sinki.

Mara ya tano nikasema, “Nataka.” Nimetoka jasho. Akanisukumia kikombe, akanitazama juu chini. “Hata asante huna,” akasema. Mtu huyu haridhishiki.

Verlyn alikuwa sebuleni, gazeti kalishika kichwa chini, anacheka bila sauti. Bega ndilo lililomsaliti. Marlys akamwambia aje naye afanye zoezi. Akasema ah, hapana, endeleeni tu. Akamwambia tena. Ah, hapana. Marlys kaumbwa na subira ya mara mbili, kama daktari. Akamwacha.

Jumapili, 26 Januari

Nimekula kipande cha mwisho.

Kizima! Mbele ya watu! Delores alileta ile ya limau tena, kikabaki kimoja, visu vikaanza kujongea, na Marlys akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyoosha mkono. Visu vikasimama hewani kama vile mtu kaangusha kikombe cha madhabahuni. Nikatafuna. Nikameza. Hakuna aliyejua atazame wapi.

“Basi,” akasema Delores mwishowe, “inaonekana alikuwa na njaa.”

Hiyo kwa Delores ni matusi. Mwaka mzima nitasemwa. Lakini jamani, ni kitamu! Miaka arobaini nakula robo za keki ile, sikuwahi kujua katikati kuna tangawizi.

Jumatatu, 27 Januari

Nimepata!

Saa mbili kamili nimepiga, nimesimama, maana nikikaa naanza adabu. Nikamwambia yule binti: Naitwa Ardis Nygaard. Nina kiputo cha milimita saba. Namtaka daktari. Leo.

Akapiga mwenyewe kabla ya saa sita. “Mama Nygaard, nimeambiwa ni haraka. Kichwa kinauma?”

“Hakiumi. Nilikuambia uongo. Ile nafasi niliitaka.”

“Ulisema mpeni mwenye shida!”

“Nilikuwa nakubali.”

Kisha akasema, pole pole kabisa kwa mtu wa New Jersey: “Ule ulikuwa ni kukubali?”

“Ulikuwa mwanzo wake. Na sigara navuta. Sita kwa siku. Nane, tangu nikujue.”

Nikasikia anaguna na kuandika. Akasema sigara ndiyo adui namba moja wa ukuta wa mshipa, niache leo hii, si kesho, na atanipa viraka vya kubandika mkononi. Ile ya tarehe 28 imeshapewa mtu. Ana Jumatano, tarehe 12 Februari. Na nikipata maumivu ya kichwa ya ghafla, makali kuliko yote niliyowahi kupata, nipige simu ya dharura — “na usiwaambie si vibaya, umenisikia? Ukisema si vibaya nitakuja huko mwenyewe.” Kisha: “Hii nafasi ya tarehe 12. Unaitaka?”

“Naitaka,” nikasema.

Halafu nikashindwa kujizuia, ikamwagika yote: pole kwa usumbufu, na kazi mlizo nazo, na barabara hizi, mnakula saa ngapi ninyi. Lakini “naitaka” ilitangulia. Mungu shahidi.

Nimemwambia Verlyn kuhusu sigara, maana viraka vingeniumbua tu. “Najua,” akasema. “Nani unadhani alikuwekea kiti?”

Jumatano, 5 Februari

Siku ya tisa bila sigara. Nimegombana na kibaniko cha mkate, mtu wa posta, na kalenda.

Marlys sasa anataka kibanio badala ya nyuzi. “Kikibanwa kimebanwa,” anasema. “Nyuzi watakuita tena, mara picha, mara kurudia.” Ana hoja, kitu akikifanya Marlys kimefanyika, chupa zake za achari ya matango za mwaka 2009 bado hazifunguki. Nikamwambia daktari kalinganisha vyote, na kwa hiki changu, mahali kilipo, mrija unafika vizuri, na mimi sitaki wiki sita za kichwa kilichoshonwa na wewe ukinilisha supu. Akanuna, kisha akauliza ni siku gani aje kunilisha supu.

Verlyn hasemi anataka ipi. “Kichwa ni chako,” basi. Lakini jioni tatu hizi kakaa mezani na sanduku lake la zana za kuvulia samaki, kanipa mgongo. Nilidhani anatengeneza ndoana. Leo nimechungulia. Kakata ncha ya puto la watoto, kaifunga kwenye mrija wa kunywea soda, na anaingiza uzi wa kuvulia humo ndani taratibu, kwa kibano, miwani miwili puani, na ulimi nje. Uzi unaingia, unajikunja, unajikunja tena. Mezani palikuwa na vingine kumi na viwili vilivyopasuka.

Hakuniona mpaka nilipomgusa.

“Inajaa,” akasema. “Ukienda pole pole, inajaa.”

Nikaenda jikoni nikalia kidogo, nikarudi na kahawa. Akakataa mara mbili.

Jumatano, 12 Februari

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Duluth. Gauni limeachia nyuma, soksi wamenipa wao, za kijani. Meno ya bandia yako kwenye kikopo chenye jina langu. Marlys yuko nyumbani kaketi kando ya simu. Kaniambia nisimwambie Delores kitu, atatangaza yeye.

Daktari amepita. Akikuta shingo ya kiputo ni pana kuliko ilivyoonekana, ataweka na wavu, kisha nyuzi. Ikishindikana kabisa atatoka salama, tutazungumza kibanio siku nyingine. Je, nakubali? Nimekubali. Hapo hapo, mara ya kwanza! Kaandika, kisha kanifinya kidole gumba cha mguu juu ya blanketi, akaondoka mbio kama kawaida yake.

Muuguzi anaitwa Shanelle, wa Florida, amehamia mwaka huu na anauliza kila mtu majira ya joto huanza lini. Akaniuliza najisikiaje.

“Naogopa,” nikasema. Hata sikuona shida.

“Umefanya vizuri kusema, mama.” Akanipa kidonge. Akasema daftari hili nimkabidhi mume wangu tukifika mlangoni. Amekwenda kumwita mwenzake wa kusukuma kitanda. Naandika haraka.

Verlyn kakaa kwenye kiti cha plastiki, koti hajavua. Kofia mkononi anaizungusha, anaizungusha. Tangu tuondoke nyumbani kasema mambo mawili: kwamba barabara si mbaya, na kwamba hospitali ina mashine nzuri ya kusafisha sakafu.

Shanelle kabla ya kutoka alimwuliza, “Baba, mtu mmoja anaruhusiwa kumsindikiza mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Unapenda kuja?”

“Ah, hapana,” akasema Verlyn. “Nisiwe njiani mwenu.”

“Sawa, hakuna shida!” Na akafungua breki ya kitanda.

Hakuna shida! Miaka thelathini na nane nalala na mtu huyu. Amesimama. Amekaa. Amesimama tena, uso umekuwa mwekundu mpaka masikioni, anautazama mlango aliotokea Shanelle. Mazoezi nilifanya mimi. Yeye alibaki sebuleni na gazeti.

Korido ya nje si ndefu. Naona milango ya upasuaji kutoka hapa.

Nimemwuliza mimi: “Verlyn, unakuja?”

“Ah,” akasema, kwa sauti ndogo zaidi, “mtakuwa na kazi zenu.”

Wanarudi, wawili. Wananisukuma. Imebaki kumwuliza ya tatu